Kibuyu Kilichoachwa Mlangoni

Sogeeni hapa. Sogeeni, moto ni mdogo na hadithi yenyewe siwezi kuisema kwa sauti. Anayetaka kukohoa akohoe sasa amalize. Anayetaka kwenda nje aende, maana nikishaanza sitaki kusikia mlango unalia. Mmenyamaza? Haya. Hata huyo paka mshikeni.

Mnaijua njia ya Endamarariek, pale inapoachana na njia ya mtoni. Palikuwa na nyumba pale. Siku hizi ni mikonge mitupu. Mwaka wa themanini na moja alikaa humo Lusia, mke wa Wilibrodi, na jioni moja Lusia alitoka kwenda kuchukua unga.

Jambo dogo tu. Kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ua, kwenye jiwe bapa, ambapo majirani walimwachia vitu. Mmoja ataweka unga, mwingine kuni, mwingine chumvi kidogo kwenye jani la mgomba. Halafu anasogea mbali, anaita, "Mama Inosenti, kuna kitu hapa," na anaondoka kabla mwenyewe hajatoka.

Hawakumchukia. Nyumba ilikuwa katika metimani. Ninyi wa siku hizi hamjui, kwa hiyo nisikilizeni. Zamani kwetu sisi Wairaqw, mama akifiwa na mtoto, nyumba yake inafungwa. Si kwa kufuli. Inafungwa kwa mdomo wa wazee. Hakuna anayeingia humo, hakuna anayeomba moto humo, hakuna anayenywa kwa chombo cha humo. Na wenyewe hawaingii kwa mtu. Hata njiani wanapita pembeni, kwenye majani. Inakuwa hivyo mwaka mzima, mpaka wazee waseme basi, pombe ipikwe, watu waoshwe, mlango ufunguliwe.

Lusia alikuwa amefiwa na Piusi wake. Miaka mitano. Surua, siku nne, kwisha.

Na Lusia hakulia.

Si kwamba alikataa. Machozi hayakuja tu. Aliona Piusi anafungwa kwenye shuka, akaona udongo unarudishwa, na muda wote ule alikuwa anaangalia mikono ya Wilibrodi na kuwaza kwamba kucha zake zimekuwa ndefu. Wiki ile alitoa chungu motoni bila kitambaa. Hakusikia kitu, mpaka alipoona ngozi ya vidole imebaki kwenye chungu. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, lakini ukiugusa si wako.

Hilo lingekuwa lake peke yake, angelibeba. Lakini mgongoni alikuwa na Inosenti, miezi mitano, na siku Piusi alipozikwa maziwa ya Lusia yalikauka. Titi la kulia, kavu. La kushoto, kavu. Maziwa ya ng'ombe mtoto aliyatapika. Ya mbuzi aliyatapika. Ya kopo hayakuwapo dukani, mwaka ule hata kipande cha sabuni kilikuwa na foleni. Na mama wa kumnyonyesha hakupatikana, maana nani atampa titi mtoto wa metimani, halafu titi hilohilo ampe wa kwake?

Jirani yake Nareyu alitaka kujaribu. Nareyu alikuwa Mmaasai, mumewe akilinda shamba la kahawa, na alikuwa na maziwa mpaka yanalowesha nguo. Alisimama ng'ambo ya mikonge akaita kwa sauti ya chini.

"Mama Inosenti. Huyo analia kama mwana-mbuzi. Mlete hapa kwenye jiwe. Nani ataona?"

"Mungu ataona."

"Mungu anaangalia Karatu siku hizi? Angekuwa anaangalia, mvua ingenyesha."

Lusia hakucheka. "Na wako akiugua, utasema ni nani?"

Nareyu aligeuza shingo. Akamwangalia mtoto wake mwenyewe, akajifunga shuka vizuri, akaondoka.

Sasa jioni ile ya unga, Lusia alipofika kwenye jiwe alikuta mtu amechuchumaa pembeni yake. Alikuwa Patrisi, mdogo wake, dereva wa lori la maharage la kwenda Tanga.

"Dada," akanong'ona, "kuna mahali."

"Mahali gani?"

"Pwani. Kuna kisiwa, na juu ya kisiwa kuna hekalu la watu wa kale. Wanawake waliokaukiwa wanapelekwa pale. Mmoja nimemwona mwenyewe. Alirudi kanga imelowa kifuani."

"Sisi tuko metimani, Patrisi."

"Pwani nani anaijua metimani? Utakaa nyuma, juu ya magunia. Utakula chako, utakunywa kwa chombo chako, hutagusana na mtu." Akajaribu kutabasamu. "Wazungu wanatoka kwao kuja kuangalia shimo letu la Ngorongoro. Na wewe kawe mtalii kidogo, ukaangalie maji ya wenzako."

Lusia alimgeuza Inosenti akamtazama. Mtoto alikuwa hajalia tangu jana. Mtoto anayelia ana nguvu. Huyu alikuwa anafungua mdomo tu, kama samaki.

"Tunaondoka lini?" akauliza.

Alichukua kanga, viazi vya kuchemsha, na kibuyu chake cha kunywea. Kilikuwa kidogo, shingo yake ilipasuka zamani na mama yake akaishona kwa ukano wa ng'ombe. Siku mbili na nusu juu ya magunia. Mto wa Mbu, Makuyuni, Arusha, Moshi, Korogwe. Vumbi, halafu joto, halafu joto lenye unyevu kama pumzi ya mtu usiyemjua.

Walifika pwani saa tisa mchana. Patrisi alisimamisha lori juu ya genge la mwamba, akamshusha dada yake, akamwonyesha kwa mkono kama mtu aliyeiumba bahari mwenyewe. Chini kulikuwa na visiwa vitatu, vimeliwa na maji kwa chini, vimesimama kama uyoga. Na bahari.

"Unaonaje?"

Lusia alitazama. "Ni mengi," akasema.

Aliyewapokea ni mlinzi wa mahali pale, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Bi Mwanamkasi. Jina la kisiwa chenyewe mimi silitaji. Msiniulize.

"Shikamoo, mama," Lusia akasema, amesimama mbali, kwenye majani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wasimama huko kama mwenye deni? Haya, twende. Maji yametoka."

"Yamekwenda wapi?"

Bi Mwanamkasi alicheka kidogo. "Yamekwenda kwao. Yatarudi. Na sisi turudi kabla yake."

Patrisi alibaki na lori, wanaume hawaendi. Wanawake wawili walivuka kwa miguu juu ya mchanga uliolowa, Inosenti mgongoni. Kulinuka mwani na kitu kingine, kama chungu kilichosahauliwa na nyama ndani. Kwenye jabali la kisiwa palichongwa ngazi. Walipanda. Chini yao, ndani ya mapango, maji yaliyobaki yalikuwa yanapumua.

Vuuu... Vuuu...

Kama fahali aliyelala zizini.

Hekalu lilikuwa nyumba ya mawe isiyo na paa. Mizizi ilikuwa imeshika kuta, na ndani ya kuta watu wa kale walipachika sahani za rangi ya buluu, nyingine zimevunjika. Vitambaa vyeupe na vyekundu vilining'inia. Mlango ulikuwa mfupi, lazima uiname. Lusia aliinama, akaona ndani mitungi na vikombe vimepangwa chini.

Akasimama. Akavua kibuyu begani, akakiweka nje, mkono wa kushoto wa mlango.

Hakufikiri. Mkono ulifikiri wenyewe. Mtu wa metimani haingizi chombo chake mahali wengine wanaponywa, atawachafulia. Anakiacha nje. Ni adabu tu, sote tulilelewa hivyo. Bi Mwanamkasi alikuwa ameshatangulia ndani, hakuona.

Humo ndani palikuwa na baridi. Kwenye pembe moja kulikuwa na kishimo cha maji katika jiwe. Bibi aliyateka kwa kiganja, akamwosha Lusia kifua, akasema maneno ya kwao. Halafu akamshika kidevu.

"Sasa lia, mwanangu. Hapa hakuna akutazamaye."

"Siwezi."

"Mfikirie."

"Namfikiria."

Walikaa. Vuuu... chini ya sakafu. Bi Mwanamkasi alimchungulia usoni kama mtu anayechungulia kisima asione maji. Mwisho akapangusa mikono yake kwenye kanga.

"Basi. Sisi tumemaliza. Lililobaki si letu."

Walitoka. Lusia aliinama mkono wa kushoto wa mlango.

Hakukuwa na kibuyu.

"Watafuta nini?"

"Kibuyu changu cha kunywea. Nilikiacha hapa."

"Hapa mlangoni?" Sauti ya bibi ilishuka. "Kilikuwa na kitu ndani?"

"Kilikuwa kitupu. Kwetu, mtu mwenye..."

Bi Mwanamkasi alimshika mkono juu ya kiwiko, akambana. Alikuwa na nguvu kuliko unavyomwona. "Chombo kitupu mlangoni pa hapa, mwanangu, ni cha mtu aombaye kujaziwa. Watu wa huku hata mtoto mdogo ajua. Twende."

"Na aliyekichukua ni nani?"

"Twende, nimesema."

Walishuka ngazi haraka. Maji yalikuwa yanarudi, yamefika kwenye vifundo vya miguu. Chup, chup, chup. Walikuwa watu wawili, miguu minne. Lusia alikuwa ameolewa kwenye nyumba yenye ng'ombe, na alizoea kuwahesabu kwa masikio wakirudi jioni gizagiza.

Chup. Chup. Chup.

Alisikia miguu sita.

"Usigeuke," Bi Mwanamkasi akanong'ona. Na walipofika nchi kavu, kabla ya kumwachia mkono, alisema, "Kikija, usikipokee. Wasikia? Kikija kwako, kimejaa, usikipokee."

Lusia alirudi Endamarariek na matiti makavu vilevile.

Siku ya nne baada ya kurudi, jua linazama, hakuna aliyeita. Lakini Lusia alisikia harufu. Harufu ya ule mchanga, huku kwetu kwenye baridi, ambako hakuna bahari mpaka uchoke kutembea. Akatoka. Akaenda mpaka kwenye jiwe.

Kibuyu kilikuwa pale.

Shingo imeshonwa kwa ukano. Kimelowa nje, uzi wa mwani umenasa kwenye mshono. Akakigusa. Kilikuwa cha vuguvugu. Ndani kulikuwa na maziwa, meupe, mazito, yamejaa mpaka mdomoni.

Alisimama nacho pale. Aliyakumbuka maneno ya bibi, yote, moja moja. Nawaambieni ukweli, hakudanganywa yule mwanamke. Alijua. Mgongoni Inosenti alikuwa mwepesi kama kanga tupu. Lusia alichovya kidole akaonja. Yalikuwa na chumvi. Akajiuliza kama anaogopa, akatafuta hofu ndani yake kama unavyotafuta sindano gizani, hakuipata.

Akakaa chini kwenye jiwe, akampa mtoto.

Inosenti alikunywa. Hakutapika. Alikunywa mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akalia kwa sauti.

"Umepata wapi maziwa?" Wilibrodi akauliza usiku ule.

"Nareyu kayaweka kwenye jiwe."

Wilibrodi alipiga ishara ya msalaba, akasema Mungu ambariki Mmaasai yule. Lusia aliosha kibuyu. Kesho yake kabla ya jioni alikirudisha kwenye jiwe mwenyewe. Kitupu.

Na kesho kutwa. Na siku zote za miezi sita.

Mtoto alinenepa. Alipata mikunjo kwenye mapaja. Lakini jasho lake lilipokauka liliacha unga mweupe kwenye paji la uso, na ukimbusu unabaki na chumvi mdomoni. Siku moja ng'ombe wa mumewe Nareyu walikuwa wanarudi kutoka malishoni. Inosenti alikuwa ameketi mbele ya mlango. Ng'ombe wa kwanza akasimama, akageuka, akaacha njia. Wa pili akamfuata. Kundi zima likaingia kwenye ua wa metimani, ng'ombe kumi na nne, wakamzunguka mtoto na kuanza kumlamba. Mikono, kichwa, miguu. Kimya, kama wanavyolamba ardhi ya magadi. Mtoto hakulia. Alikuwa anacheka.

Nareyu alisimama ng'ambo ya mikonge na fimbo mkononi.

"Mama Inosenti. Mtoto wako unamlisha nini?"

"Si maziwa yako?"

"Mimi?" Nareyu alisogea nyuma hatua moja. "Mimi sijaweka maziwa hapo hata siku moja."

"Najua," Lusia akasema.

Inosenti alipoota meno ya kusaga na kuanza kula ugali, Lusia hakukipeleka kibuyu tena. Alikitundika ukutani. Ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi, vumbi linapaa. Jioni ya kwanza bila kibuyu ilipita. Ya pili ikapita.

Ya tatu, mtoto aligeuza shingo kuelekea mwisho wa ua kabla Lusia hajasikia kitu. Akanyoosha mikono.

"Hodi," sauti ikasema.

Hakuna anayepiga hodi kwenye nyumba ya metimani.

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya jiwe. Si mzee, si kijana. Alivaa kanga mbili, na kuanzia magotini kwenda chini zilikuwa zimelowa, zinadondosha maji. Tone... tone... kwenye vumbi.

Lusia alimshika mtoto. "Nyumba hii haikaribishi mtu."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama hapa."

"Unataka nini?"

"Aliyenyonyesha hutaka nini?" Alisema taratibu, bila ubaya, kama jirani. "Nimekuja kumwona mwanangu."

"Si wako."

"Amekula kwangu miezi sita. Kwako amekula nini?"

Lusia alimpandisha mtoto begani. Jibu la swali hilo alilitafuta mpaka anakufa.

"Mtaoshwa lini?" mwanamke akauliza.

"Baada ya mavuno."

"Basi baada ya mavuno wataingia watu. Nami nitaingia pamoja nao."

Akasimama pale mpaka giza. Kila jioni iliyofuata alikuwa pale. Wilibrodi alipita karibu naye na jembe begani, hakumwona, akasema tu kwamba pale kwenye jiwe panateleza, nani anamwaga maji.

Mavuno yakaja. Pombe ilipikwa kwa kaka yake Wilibrodi, mwana-kondoo akatengwa. Wilibrodi alinyoa ndevu. Mwaka mzima hakuwa amekaa na mwanaume mwenzake, alikuwa anajisemesha mwenyewe shambani. Asubuhi ya kuoshwa wazee sita walifika mwisho wa ua, wakaita jina la nyumba.

Lusia alitoka mlangoni.

"Msisogee," akasema. "Damu imetoka usiku. Mimba imeharibika."

Mimba ikiharibika, nyumba inafungwa upya. Ndiyo sheria. Wazee walirudi nyuma, mmoja wao akamwaga pombe iliyokuwa kwenye kata. Wilibrodi alibaki amesimama katikati ya ua na kidevu chake kilichonyolewa. Alijua. Hakuwa amemgusa mkewe tangu Piusi.

"Umenifunga tena," akamwambia walipoingia ndani.

"Ndiyo."

"Ni uongo, au kuna mtu?"

"Kuna mtu," Lusia akasema. "Anataka kuingia."

Alimweleza yote. Wilibrodi alisikiliza, akaenda mpaka kwenye jiwe, akasimama pale jioni nzima, hakuona kitu. Mwaka uliofuata wazee walikuja tena, na Lusia akasema tena damu imetoka. Safari hii Wilibrodi alichukua jembe na blanketi akaenda Mang'ola kulima vitunguu. Huko alioshwa na watu wa huko, akaoa.

Mwaka wa tatu mume hayupo, na Lusia akatoka mlangoni akasema damu imetoka. Mnaelewa maana yake? Wanawake wa Endamarariek waliitupa habari ile kutoka shamba hadi shamba. Mimba za nani? Walimwita majina siwezi kuwatajia ninyi. Alipopita pembeni ya njia waligeuza migongo. Yote aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine. Nyumba ilibaki imefungwa. Hilo tu. Mwisho wazee waliacha kuja kuuliza, na unga ukaacha kuwekwa kwenye jiwe, akabaki Nareyu peke yake.

Inosenti alikua humo. Mtoto mzuri, mpole. Shule hakwenda, nani atakaa naye dawati moja? Jioni aliketi kizingitini na kuangalia mwisho wa ua.

"Mama, yule mama wa pale hachoki?"

"Hachoki."

"Kwa nini analowa?"

"Kula, baba."

Lusia alikuwa anafunga mlango, anamlaza mtoto upande wa ukutani, yeye analala upande wa mlango. Miaka saba. Hakuwa na furaha wala hasira. Alikuwa na kazi.

Mwaka wa themanini na tisa, masika, kichomi kilimshika. Siku moja kabla hajashindwa kusimama alimwita Nareyu mpaka kwenye mikonge, akamsimulia yote haya ninayowasimulia, kuanzia lori la maharage.

"Nikifa wataingia," akasema. "Maiti lazima itolewe. Kabla hawajaingia, mchukue mtoto umpeleke kwa Patrisi. Umkabidhi mkononi."

"Nitampeleka."

"Usimwache na watu waliokuja kuzika."

"Nimesikia, mama Inosenti. Nitakuwepo."

Na Nareyu alikuwa na nia, msimlaumu. Wiki ile ile mama yake mzazi alianguka kule Endulen, ng'ambo ya shimo la Ngorongoro, akaitwa. Alisema anakwenda siku mbili. Mvua ikakata njia ya msituni.

Lusia alikufa Alhamisi. Inosenti alitoka mwenyewe akasimama kwenye ua, akaita watu. Wazee wakasema, aliyefunga nyumba amekufa, hakuna wa kumngoja. Wakachinja kondoo, wakanyunyiza maji, wakavunja mlango. Watu wakaingia. Miaka minane hakuna mguu wa jirani uliokanyaga pale, na wote walitaka kuona. Hakukuwa na cha kuona. Palikuwa pamefagiwa.

Walimzika saa kumi. Halafu wakaketi uani, ndugu wa mume upande mmoja, ndugu wa marehemu upande mwingine, kula na kugawana. Waliokuwepo wanasema mazishi yale yalikuwa makavu. Nani angemlilia? Walimwogopa muda mrefu mno. Aliyelia alikuwa mmoja tu, mwanamke aliyeketi nyuma ya wanawake wenzake, kanga zake zimelowa miguuni. Lakini ilikuwa masika, nani hakulowa? Alilia kama mtu anayelia kwa ajili ya wengine wote. Alimlilia Lusia, akamlilia na Piusi kwa jina. Mpaka wale wanawake waliomsengenya marehemu wakaanza kujifuta macho.

Wazee wakauliza, mtoto atakwenda na nani?

Wilibrodi alitazama chini, mkewe wa Mang'ola alikuwa amemwambia wazi. Patrisi alikuwa anahesabu kichwani mwake watoto aliokuwa nao tayari.

"Nitamchukua mimi," yule mwanamke akasema. "Mimi ni mama yake mdogo."

Wilibrodi alidhani ni mke wa Patrisi wa Tanga, maana madereva mnawajua. Patrisi alidhani ni dada wa yule mke wa Mang'ola. Kila upande uliona haya kuuliza upande wa pili. Na mtoto alikuwa ameshanyanyuka bila kuambiwa, amekwenda kumshika mkono.

Nareyu alifika Jumapili, matope mpaka mapajani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amechukuliwa na mkeo wa Tanga," Wilibrodi akasema, akimgeukia Patrisi.

"Mke wangu yupi?" Patrisi akasema.

Wakatazamana. Walimtafuta Karatu, wakamtafuta Mto wa Mbu, Patrisi akaenda na lori mpaka Tanga, akasimama juu ya lile genge. Bi Mwanamkasi alikuwa amekufa zamani. Maji yalikuwa yamejaa, na huwezi kuvuka.

Urithi ulikwenda hivi. Shamba la juu alipata Wilibrodi, akaliuza. Ng'ombe mmoja na ndama wake alipata Patrisi. Vyungu, mchi na jembe alipewa Nareyu, ambaye vyungu alivipikia, jembe hakuligusa. Nyumba haikutakiwa na mtu, ikaanguka yenyewe. Kibuyu ukutani hakikukutwa. Na Inosenti, miaka minane, alirithiwa na yule aliyelia.